Hisa Zao, Tokeni Zetu

Wasee, hebu fungueni SMS ya mwisho mliyopata mkinunua tokeni. Si zile namba 20 za kupiga kwa mita, hizo mnazijua. Angalia chini yake. Kuna pesa uliyotuma, kuna pesa iliyonunua stima yenyewe, halafu kuna malipo mengine. Mimi hiyo sehemu nimekuwa nikiipita miaka yote. Napiga namba, taa inawaka, naendelea na shughuli zangu.

Kilichonifanya niisome ni stori za kinyozi. Nilikuwa Kawangware, pale 46, nikinyolewa, na mimi ni mtu wa kuongea hata wembe ukiwa kwa shingo. Nikamwambia jamaa kwamba Oktoba 2025 korti ya Malindi ilitupa rufaa ya kampuni iliyotaka kujenga mtambo wa stima ya makaa ya mawe Lamu. Akazima mashine, akaniangalia kwa kioo.

"Hiyo si stori ya watu wa Lamu, bro? Sisi huku shida yetu ni bei ya tokeni."

Sikumjibu vizuri siku hiyo. Nilisema mambo ya mazingira, samaki, mikoko, akaitikia tu vile mtu anaitikia ndio umalize aendelee na kazi. Hii ndiyo jibu ambayo ningempa kama ningekuwa nimefikiria. Mtambo wa Lamu ulikuwa stori ya bei ya tokeni kuanzia siku ya kwanza. Wenye hisa walikuwa wachache. Wenye deni tungekuwa sisi wote, kuanzia yeye na mashine yake ya kunyoa.

Ilikuwa mali ya nani?

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu wengi wetu tulikuwa bado shule ya msingi. Mwaka wa 2013 serikali ya Jubilee ilikuja na mpango mkubwa wa kuongeza zaidi ya megawati 5,000 za stima kwa miezi 40. Ukitaka kujua hiyo ni kubwa kiasi gani, nchi nzima wakati huo haikuwa inatumia hata megawati 1,500 saa ya kilele, yaani ile jioni kila mtu amewasha kila kitu. Hesabu yao ilikuwa kwamba viwanda vitakuja, reli itatumia stima, kila kitu kitapanda kwa kasi. Basi stima iwekwe kwanza, watumiaji watafuata.

Sehemu ya huo mpango ilikuwa mtambo wa megawati 1,050 pale Kwasasi, Lamu, karibu na bandari mpya. Ungekuwa mtambo wa kwanza wa aina hiyo Kenya. Makaa yenyewe yangeletwa na meli kutoka nje, hasa Afrika Kusini, halafu baadaye labda yatoke bonde la Mui kule Kitui. Gharama ya ujenzi ilikuwa karibu dola bilioni 2.

Mwaka wa 2014 kazi ikapewa kundi la makampuni, na likaundiwa kampuni moja ya kuibeba: Amu Power. Nyuma yake walikuwa Gulf Energy na Centum Investment, pamoja na makampuni ya Uchina. Centum mnaijua hata kama hamjui mnaijua, ndio walijenga Two Rivers pale Limuru Road, ile moli tunaenda kupiga picha na kurudi bila kununua kitu. Benki kubwa ya Uchina, ICBC, ikawa ndio inatarajiwa kukopesha pesa nyingi zaidi. Halafu 2018 General Electric ya Marekani nayo ikaingia, ikasema italeta teknolojia yake na kuchukua asilimia 20 ya hisa.

Sasa angalia hiyo orodha. Kampuni binafsi ya mafuta Nairobi. Kampuni ya uwekezaji iliyoorodheshwa kwa soko la hisa, ambalo ofisi zake ziko hapo Westlands. Mainjinia wa Uchina. Wamarekani. Kila mtu ana kipande chake, na kila mtu ana wakili wa kukilinda. Mtu wa Kwasasi hayumo. Mtu wa Kawangware hayumo.

Sisemi kuna mtu aliiba. Mtu kuwekeza si dhambi. Nasema tu kwamba ukitaka kuelewa mradi wowote, usiulize tu ni wa nani. Uliza pia mambo yakienda mrama, hasara ni ya nani. Hayo ni maswali mawili, na kwa hii ya Lamu yalikuwa na majibu mawili tofauti kabisa.

Hasara ingekuwa ya nani?

Hapa ndio penye utamu, kwa hivyo usipite haraka.

Amu Power hawangeuzia stima wewe na mimi moja kwa moja. Wangeuzia Kenya Power, halafu Kenya Power ituuzie. Ndio maana kulikuwa na mkataba wa kununua stima, wa miaka 25. Na ndani ya mikataba ya aina hii kuna malipo yanaitwa malipo ya uwezo. Maana yake ni kwamba mwenye mtambo analipwa kwa sababu mtambo upo na uko tayari, hata kama hakuna stima yake imetumika.

Chukulia mbogi yenu imekodi mathree ya kwenda Naivasha. Mmesema mko watu 33. Siku ikifika, wanatokea 12. Mwenye gari harudishi pesa, na ukweli ni kwamba ana haki, gari lilikuja. Hapo ni sawa. Sasa ongeza haya: mathree imekodiwa kila siku kwa miaka 25. Aliyehesabu watu 33 si nyinyi, ni mjomba ambaye hasafiri. Mkataba aliusaini yeye, hamjauona. Bei ni kwa dola. Na pesa inatoka kwa mifuko ya hao 12.

Hiyo ndiyo Lamu.

Juni 2019 taasisi moja ya Marekani inayochambua uchumi wa nishati, IEEFA, ilitoa ripoti kuhusu huo mkataba. Malipo ya uwezo yalikuwa karibu dola milioni 360 kila mwaka. Zidisha mara 25, unapata dola bilioni 9. Hiyo ni hata kama mtambo haujatoa stima ya kuwasha balbu moja. Mimi si mtaalamu wa uchumi, chuo chenyewe niliacha, lakini hii hesabu inahitaji simu tu. Milioni 360 gawanya kwa siku 365. Ni karibu dola milioni moja kila siku. Leo dola ikiwa 129, ni kama shilingi milioni 127 kwa siku. Krismasi, Idi, siku ya uchaguzi, siku ya blakauti.

Na wakati ule nchi ilikuwa inatumia karibu megawati 1,900 saa ya kilele. Yaani mtambo mmoja ungekuwa na uwezo wa kubeba zaidi ya nusu ya stima yote ya nchi, wakati tayari tulikuwa na ya Olkaria, ya mabwawa na ya upepo. Ingeingia wapi? Ingekaa tu. Na tungelipia ikae.

Waliokuwa wanaipigia debe walisema stima itakuwa rahisi, chini ya senti 8 za dola kwa uniti. Hiyo bei ilitegemea mtambo ufanye kazi karibu muda wote. Ukifanya kazi nusu ya muda, yale malipo ya kila mwaka hayapungui, kwa hivyo kila uniti inabeba mzigo zaidi. IEEFA walisema uniti moja ingeweza kufika senti 22 na zaidi. Unaona jinsi kitu kinaitwa rahisi kinakuwa ghali bila bei kwenye karatasi kubadilika?

Tena kuna ile ya dola. Mwaka wa 2017 dola ilikuwa karibu shilingi 103. Dola milioni 360 ni kama shilingi bilioni 37. Mwanzo wa 2024 dola ilifika 160, mnakumbuka vile vitu vilipanda. Pesa ileile sasa ni zaidi ya bilioni 57. Bilioni 20 zimeongezeka na hakuna mtu amewasha kitu kipya. Na hiyo tofauti ya dola haipotei hewani. Kwa bili yetu ya stima kuna kipengele kabisa cha kurekebisha kubadilika kwa thamani ya fedha za kigeni. Shilingi ikianguka, mwenye mkataba wa dola analala vizuri, kinyozi anaongeza shilingi 50 kwa bei ya kunyoa na wateja wanamwona mchoyo.

Kama unadhani nazua, kuna mfano tuliuona kwa macho, na haukuwa wa makaa ya mawe. Mradi wa upepo wa Lake Turkana kule Marsabit, mitambo 365 inayozunguka, megawati 310, ni kitu kizuri na mimi naushabikia. Lakini serikali ilikuwa imeahidi kujenga laini ya kusafirisha hiyo stima hadi Suswa. Upepo ukawa tayari 2017, laini ikakamilika Septemba 2018. Kwa hicho kipindi chote kulikuwa na stima ambayo haingeweza kufika popote, na mkataba ulisema ilipwe. Ikalipwa, na sehemu ya hiyo fidia ikaingizwa kwa bei ya stima. Waliochelewesha laini hawakukatwa mshahara. Tulikatwa sisi, kidogo kidogo, kwa tokeni za shilingi 50 na 100.

Kwa hivyo shida haikuwa moshi peke yake. Mkataba mbaya unaweza kufanya hata upepo safi ukudai.

Waliotuokoa hatuwajui

Sasa, nani alizuia hii kitu? Si Bunge. Si Kenya Power. Si sisi wa Nairobi na kelele zetu. Ni wavuvi, wakulima, kina mama na vijana wa Lamu, chini ya muungano unaoitwa Save Lamu.

NEMA ilitoa leseni ya mazingira Septemba 2016. Save Lamu na wenzao, wakisaidiwa na mawakili wa Katiba Institute, wakaenda kwa jopo la kitaifa la kesi za mazingira. Kesi ikachukua karibu miaka mitatu. Fikiria mtu anatoka Lamu, anapanda boti, kisha basi ya masaa mengi, kuja kusikiza kesi imeahirishwa. Nairobi nako kulikuwa na kampeni ya deCOALonize na maandamano kadhaa, lakini mzigo waliubeba wao.

Tarehe 26 Juni 2019 jopo likafuta ile leseni. Na sababu yake ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Jopo halikusema makaa ya mawe ni haramu Kenya. Lilisema wananchi hawakuhusishwa vile sheria inataka. Mikutano iliyofanywa ilikuwa ya mapema, ya kujitambulisha, kabla utafiti wa athari haujakamilika. Utafiti ulipokamilika, ukiwa na mambo ya moshi, majivu na maji ya moto kurudishwa baharini, watu ambao wangeishi na hayo mambo hawakupewa nafasi ya maana ya kuusoma na kuujibu. Pia sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa.

Yaani waliambiwa habari njema, halafu habari mbaya ikaandikwa kwa kurasa nyingi na kuwekwa kwa shelfu ya ofisi.

Hii kitu tunaijua, si ndio? Kizazi chetu kilijifunza neno ushirikishaji wa umma barabarani, Juni 2024, tukiwa Moi Avenue na macho yanawasha. Watu wa Lamu walikuwa wamelishinda kwa korti miaka mitano kabla yetu, na hatukuwasikia. Mimi mwenyewe nimejua hii hesabu yote majuzi. Ni aibu, na nakubali.

Baada ya leseni kufutwa, wenye pesa walianza kutoka mmoja mmoja. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijitoa. General Electric ikatangaza 2020 kwamba inaacha kujenga mitambo mipya ya makaa ya mawe. ICBC ikajitoa mwaka huohuo. Centum nayo ikafuta kwa vitabu vyake pesa iliyokuwa imeweka. Amu Power wakabaki na rufaa yao, na Oktoba 2025 korti ya mazingira na ardhi ya Malindi ikasema uamuzi wa jopo unabaki vile ulivyo.

Cheki vile wenye hisa walitoka. Aliyetaka kutoka alitoka. Aliyepata hasara aliiandika, akaendelea na miradi mingine. Gulf Energy, kwa mfano, 2025 walihusika na ununuzi wa mafuta ya Turkana kutoka kwa Tullow. Hiyo ni biashara, inaruhusiwa. Lakini mwenye tokeni hana mlango wa kutokea. Kama ule mtambo ungejengwa, mkataba wa miaka 25 ungekuwa unatungoja mpaka tuwe na watoto wanaoomba doo ya tokeni. Na mkulima wa Kwasasi aliyeambiwa shamba lake litachukuliwa, akakaa miaka bila kujua apande minazi au aache, yeye hasara yake aliiandika kwa kitabu gani?

"Lakini si tunakosa stima?"

Najua mtaniletea hii, kwa hivyo tuongee.

Ni kweli hali imebadilika. Sasa tunatumia zaidi ya megawati 2,300 saa ya kilele. Rais Ruto mwenyewe alikubali 2025 kwamba jioni kuna sehemu zinakatwa ili zingine zipate. Agosti 2023 nchi ilizima mpaka uwanja wa ndege wa JKIA ukawa giza. Kuna watu wanasema, mnaona, mngekubali Lamu leo mngekuwa sawa.

Mimi nasema hivi. Shida ya jioni ni ya kweli, inahitaji stima ya kweli. Lakini tungefika leo tukiwa tumelipia miaka ya stima isiyo na kazi, halafu bado mtaa wako ungekatwa kama laini na transfoma za kufikisha hiyo stima hazitoshi. Stima ikiwa Lamu na laini imezidiwa, kwako ni giza tu. Na sehemu kubwa ya stima ya usiku ya Kenya inatoka chini ya ardhi. Panda gari Kangemi, shika Waiyaki Way, shuka Naivasha, uende Olkaria. Mvuke unatoka mchana na usiku, hakuna meli ya makaa inangojwa bandarini, na KenGen inayochimba sehemu kubwa yake ni kampuni ambayo serikali ina hisa nyingi zaidi. Nayo haina utakatifu wowote, jamii za Wamaasai wa Olkaria wana malalamiko yao ya kuhamishwa, na wasikizwe pia. Lakini mvuke hatuuagizi kutoka nje.

Halafu kuna wale wa kusema wazungu walichoma makaa wakatajirika, sisi tunaambiwa tuogope moshi. Hapo mnanipata kidogo. Unafiki upo. Wakati jopo linafuta leseni, balozi wa Marekani hapa Nairobi alikuwa mtandaoni akitetea makaa ya mawe, na kampuni ya nchi yake ilikuwa kwa foleni ya hisa. Kwa hivyo hii haikuwa wazungu kutunyima. Wengine walikuwa wanatuuzia. Uingereza ilichoma makaa yake, kwa mitambo yake, kwa pesa yake. Sisi tungechoma makaa ya Afrika Kusini, kwa mtambo wa wawekezaji, kwa mkopo wa Uchina, kwa bei ya dola. Hapo sijaona nani wetu angetajirika.

Na kazi? Ndio, ujenzi ungeleta kazi. Lakini bahari ya Lamu tayari ni kazi. Mwaka wa 2018 korti iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ujenzi wa bandari uliharibu riziki yao. Hiyo ni korti ikikubali kwamba uvuvi ni ajira yenye thamani, na ukiifunga lazima uilipie. Ukihesabu kazi za mradi, toa kwanza zile unazoua.

Kwa nini nayaandika leo

Kwa sababu Lamu imeisha, lakini aina ya mkataba haijaisha. Kenya inataka stima zaidi, na mikataba mipya ya miaka 20 na 25 inarudi mezani. Mingine ya jua, mingine ya mvuke, na nyuklia inazungumziwa. Mingine itakuwa mizuri. Tutajuaje?

Novemba 2024 mliona serikali ikifuta mikataba ya Adani, wa JKIA na ule wa laini za stima uliokuwa wa miaka 30. Nguvu ilitoka wapi? Karatasi zilionekana. Watu walisoma, wakauliza, wakaenda korti, halafu Marekani ikafungua mashtaka dhidi ya mwenye kampuni na serikali ikaishiwa na maneno. Kama zile karatasi zingebaki kwa droo, leo tungekuwa tunazungumza lugha nyingine.

Mimi naomba vitu vitatu, na si vikubwa.

Kwanza, kila mkataba wa kununua stima uwekwe wazi kabla ya kusainiwa. Bei, miaka, sarafu, na malipo ya uwezo. Wanasema ni siri ya biashara. Siri gani, kama mnunuzi ni mimi? Ibara ya 35 ya katiba inanipa haki ya habari, na sheria ya kupata habari ipo tangu 2016.

Pili, wamiliki halisi wa kila kampuni inayouzia taifa stima wajulikane. Si jina la kampuni tu, watu. Tangu 2020 makampuni yanatakiwa kuandikisha wamiliki halisi kwa serikali, lakini mimi na wewe hatuwezi kufungua hiyo rejista tukasoma. Ukinidai kwa miaka 25, angalau nijue jina lako.

Tatu, hii ni yetu. EPRA huwa na vikao vya umma kabla ya kubadilisha bei ya stima, na ofisi zao ziko Upper Hill, mathree moja tu kutoka tao. Vikao hivyo mara nyingi huwa na mawakili, watu wa viwanda, na viti vitupu. Tuliweza kusoma mswada wa fedha mstari kwa mstari kwa simu zilizovunjika kioo. Mkataba wa stima si mgumu kuliko huo.

Nilirudi kwa kinyozi wiki iliyopita. Nikamwonyesha ile hesabu ya shilingi milioni 127 kwa siku. Akakaa kimya, akaniuliza, "Na sasa hivi tunalipa ngapi kwa hiyo mingine ambayo ilisainiwa?"

Hilo ndilo swali, wasee. Alilipata haraka kuliko mimi. Tuliulize pale Upper Hill, tukiwa wengi.